Wahenga Mtaroni

Jumatatu, 8 Julai 1968

Baridi. Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita – ukungu umeumeza, pamoja na msitu na nusu ya mtaro wetu. Vidole vimekufa ganzi. Mwandiko wangu leo ni wa kuku.

Habari kubwa: nimepandishwa cheo. Theuri, mwitaji wetu, sauti imemkauka. Alifungua mdomo asubuhi ukatoka moshi tu. Muriithi, nyapara, akapita mstari mzima akitusikiliza tukikohoa, kama mtu anayechagua jogoo sokoni. Akasimama kwangu.

"Wewe Khisa uko na kifua. Utaita."

Kuita si mchezo. Watu wamejipanga mtaroni, kila mmoja na sururu yake. Mwitaji anatoa nusu ya methali, sururu zinapanda. Watu wanamalizia nusu ya pili, sururu zinashuka. Zote pamoja, hakuna anayemtoboa mwenzake kisigino. Hivyo ndivyo tunavyochimba njia ya bomba la maji, kutoka msituni hadi tangi jipya juu ya mji. Theuri alikuwa na methali kama mbwa alivyo na viroboto. Mimi niliishia darasa la nne. Ninazo zile tulizochapiwa tu.

Faida ya cheo: kikombe kimoja zaidi cha uji. Cha kulainisha koo, ati.

Jumanne, 9 Julai

Kufika chai ya saa nne methali zimeniishia. Nikaanza kurudia.

"Mchumia juani –"

"Hulia kivulini."

Mwikali akaangua kicheko mpaka akaweka mwiko chini. Huyu Mwikali ni Mkamba, mke wa askari polisi, anatupikia uji na githeri, mahindi na maharagwe, kando ya mtaro. Akauliza jua liko wapi. Akasema tangu aje Nyeri kivuli chake amekiona mara mbili, na mara ya pili alikishtukia akadhani ni mwizi.

Mchana nikaita "Penye wengi hapaharibiki neno." Ikaenda vizuri. Iliyofuata ikanitoka tu: "Wapishi wengi –"

Hawakuitikia. Sururu zimekaa hewani. Dawud ndiye aliyesimamisha. Dawud ni wa mtaa wa Majengo, babu yake alikuja huku na bunduki ya Mwingereza akasahau kurudi. Yeye Kiswahili alinyonya, sisi wengine tuliingiziwa kwa fimbo. Akaniuliza kwa adabu sana:

"Bwana mwitaji, kwani wengi wanaharibu au hawaharibu? Tujue kama tubaki hapa au wengine waende nyumbani."

Watu wakacheka na sururu juu. Muriithi akapiga kelele kutoka kwenye mawe: mbona hizo vyuma zinaota huko hewani?

Nikarudi kwa Mchumia juani.

Alhamisi, 11 Julai

Phelister amerudi kutoka likizo. Ni wa kwetu Kimilili, anafanya kazi ya usafi wodini hapa mjini. Nilimkuta jioni getini kwake. Hata salamu hakumaliza.

"Baba Masika, kijana wako ameanza kupiga njuga."

Nikakaa chini kwenye jiwe.

Kwetu kijana akipiga njuga anaalika watu kwenye tohara yake. Tohara ni Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Mwaka wa 1966 Masika alikuwa na surua, akaachwa. Ikimpita hii atangoja hadi 1970. Sauti yake tayari ni ya besi. Phelister anasema akisimama na wenzake wanaopiga njuga, anaonekana kama mlingoti katikati ya mahindi. Kwa hiyo hangoji. Ni wiki ya pili ya Agosti, niwepo nisiwepo.

Na mtoto husimama mbele ya nyumba ya babake, matope ya mto mwilini, asipepese jicho. Baba anasimama mbele yake anamkazia macho. Baba asipokuwepo, anasimama ndugu wa baba. Na maisha yote watu watasema: yule ambaye Kefa alimsimamia.

Kefa ni mdogo wangu. Akichinja kuku anafumba macho.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemwomba Muriithi ruhusa. Si mtu mbaya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashika bega langu, akasema subira huvuta heri. Mtaro ukifika kwenye tangi, niende. Kabla ya hapo mtu akitoka, asirudi – vibarua wamejaa pale getini kama nzi.

Akageuka, akamwona Kingori ameegemea beleshi. "Wee Kingori! Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Mdomo ule ule. Hata mate hakumeza katikati.

Basi hesabu yangu ni rahisi. Mtaro ufike kwenye tangi kabla ya wiki ya pili ya Agosti. Na nani anaweka mwendo wa mtaro? Mwitaji.

Jumamosi, 13 Julai

Leo nimeita methali moja tu, yenye dawa ya haraka ndani yake: "Chelewa chelewa –"

"Utakuta mwana si wako."

Kila mara waliposema hilo neno la mwisho nilimwona Kefa mbele ya Masika. Nikaita kwa uchungu. Nikaita kama mtu anayezama. Na mtaro – ulisogea kama konokono mgonjwa. Jioni Muriithi akapima akatikisa kichwa.

Sielewi. Maneno ni ya kukimbiza watu, watu wanalala.

Kabla ya filimbi Dawud, kwa kunidhihaki, akapaza sauti yeye: "Haraka haraka –" Wote wakajibu kwa furaha ya kunikomesha: "haina baraka!" Wakarudia. Wakarudia. Sururu zilikuwa zinapanda na kushuka kama pistoni za garimoshi. Udongo unaruka mpaka kwenye uji wa Mwikali.

Nilisimama nikitazama. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Jumapili, 14 Julai

Nimelala kibandani nikizipima methali kwa kidole kwenye bati. Sasa nimeelewa. "Utakuta mwana si wako" ni ndefu, ina mkia. Mtu anabaki na chuma juu mpaka mkia uishe, na akishusha amechoka. "Haraka haraka, haina baraka" – nusu mbili sawasawa, kama magurudumu. Mkono hausikii maana. Mkono unasikia mdundo.

Kwa hiyo ukitaka watu wafanye haraka, waambie haraka haina baraka. Na ukitaka walale, waambie wasichelewe.

Mwalimu wetu alitupiga bure.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeita "Haraka haraka" tangu asubuhi. Watu wamefurahi sana. Wanadhani nimekuwa mtu wao, nimeacha kumtumikia nyapara. Kingori akanipa nusu ya ndizi yake. Wakachimba kwa ukaidi mtupu – ukaidi una nguvu kuliko githeri.

Mchana Muriithi akasikia maneno. Akaja mbio, koti linapepea.

"Nani amefundisha watu yangu uvivu? Hii methali nimekataza. Nimekataza kabisa. Ita ile ya Chelewa."

Nikaita ile ya Chelewa. Akasimama hapo mikono nyuma, anatikisa kichwa kwa maneno mazuri, huku mbele ya macho yake watu wanazima kama taa ya mafuta.

Jumatano, 17 Julai

Tumepata mpango. Mwikali amekaa juu ya kilima kidogo, anaona njia yote. Muriithi akitokea, anagonga kifuniko cha sufuria. Sisi tunabadilisha.

Kwa hiyo: nyapara akija, tunaita Chelewa chelewa na tunasinzia. Nyapara akienda, tunaita Haraka haraka na tunachimba kama fuko.

Nimefanya kibarua Nanyuki, nimefanya Sagana darajani. Sijawahi kuona watu wanaojificha ili wafanye kazi.

Muriithi jioni alipima, akapima tena kwa kamba nyingine. Akamwambia Theuri udongo wa huku ni wa ajabu, unachimbika wenyewe mtu akigeuza mgongo.

Jumamosi, 20 Julai

Nimeshikwa. Si na nyapara.

Tulikuwa tunakula. Dawud akaweka sahani chini, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Ndugu zangu, mtaro huu ulipaswa kutufikisha Septemba. Mimi nimetembea leo mpaka kwenye tangi. Naiona rangi yake. Naona hata fundi anayelipaka, ana upara."

Akaonyesha upande wa tangi kwa kidole.

"Kuna mtu anatuchimbisha," akasema. "Na anatuchimbisha kwa methali ya kupumzika."

Wote wakanigeukia. Kingori ndiye aliyeumia zaidi. Anajenga. Kuta zimesimama, paa bado, mkewe ana mimba kubwa na Agosti mvua ya rasharasha haikatiki huku. Kila wiki ya kibarua ni bati moja. Mtaro ukiisha mapema, mtoto atazaliwa chini ya mawingu. Akasema bandu bandu huisha gogo, na mimi ndiye shoka. Akaniomba ndizi yake. Nilishaila zamani.

Nikawaambia habari ya Masika. Yote, na kuku wa Kefa.

Hata kwao Kingori jambo hili halichezewi. Kisha wakaanza, kila mtu na mhenga wake mfukoni. Mmoja, damu nzito kuliko maji. Mwingine, jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali – yaani Kingori ni jirani. Theuri kwa sauti yake ya moshi: mvumilivu hula mbivu. Dawud: mbivu ikikaa sana huoza, hiyo si methali lakini ni kweli. Mkataa kwao mtumwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. "Jembe ninalo," nikasema, "ndiyo shida yenyewe."

Mwikali akawa anakusanya sahani.

"Hao wahenga wenu," akasema, "hawakuishi nyumba moja. Wangeuana. Leteni kijiko changu, nani amekalia kijiko?"

Mwisho Dawud akaamua kama kadhi. Asubuhi ni ya Khisa: haraka. Baada ya githeri ni ya Kingori: chelewa. Tukapeana mikono. Kingori wa mwisho, na mkono wake haukubana.

Jumatano, 24 Julai

Mapatano yanafanya kazi. Asubuhi tunaruka, mchana tunasinzia. Tatizo jipya: Muriithi anakuja mchana, anasikia methali yake anayoipenda, anafurahi. Anasema kazi imekua kwa sababu tumeshika maneno ya busara. Amemwandikia mhandisi.

Nimechoka. Mikono inachimba hata usingizini.

Jumatatu, 29 Julai

Mwamba.

Sururu zinaruka zinarudi. Cheche. Nikaita haraka, hakuna. Nikaita chelewa, hakuna. Nikaita "Haba na haba," mwamba ukatoa kipande cha ukubwa wa jino.

Tangi liko pale. Ukirusha jiwe unaligonga. Upara wa fundi naujua sasa kama wa baba mkwe.

Jumanne, 30 Julai

Muriithi amejua la kufanya, na sisi hatukujua. Amerundika kuni juu ya mwamba, akawasha. Siku nzima unakula moto. Kesho utamwagiwa maji baridi ya mto, upasuke wenyewe. Babake alifanya hivyo, akasema, na babu.

Lakini kazi yenyewe ni kungoja. Mimi, mwitaji, nimekaa siku nzima kando ya moto na mikono mapajani. Ndiyo siku ya kwanza tangu Juni niliyopata joto, na nimeichukia. Kingori alikaa karibu nami. Akachoma viazi viwili kwenye makaa, akanipa kimoja bila kuniangalia.

"Kijana wako haogopi?" akauliza.

Nikasema sijui. Nikasema ndiyo maana nataka kumwona machoni.

Akapuliza kiazi chake.

Alhamisi, 1 Agosti

Umepasuka jana. Mlio kama bunduki, kuku wote wa mtaa wakanyamaza. Tumetoa vipande kwa mikono. Asubuhi nikaita, na mchana, zamu ya Kingori, nikaanza "Chelewa chelewa" kama mapatano.

Aliyeitikia ni Kingori, peke yake, kabla ya wengine: "Haina baraka."

Hiyo si methali kabisa. Watu wakacheka. Nikamtazama. Akasema mabati hayatembei, yatamngoja. Tukaenda na haraka mpaka jioni.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumefika. Saa saba mchana sururu ya Dawud iligonga zege la tangi. Tukakumbatiana na matope yetu. Fundi mwenye upara alishuka kutusalimia, kumbe ni mtu wa Meru, mpole sana.

Nikaenda kwa Muriithi na kofia mkononi. Nikamkuta na mhandisi, wote meno nje. Mhandisi anasema hajaona mtaro uliokwenda mbio hivi. Anauliza siri. Muriithi akavuta pumzi, akamwambia: methali, bwana. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Akanivuta mbele kama mbuzi wa maonyesho. "Na huyu ndiye mwitaji."

Mhandisi amefurahi. Kuna mtaro mwingine Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga. Mrefu kuliko huu. Tunaanza Jumatatu hii, kikosi kizima, hakuna anayeachwa.

Nikamkumbusha Muriithi maneno yake. Mtaro ukifika, niende.

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Khisa, mtaro haujaisha. Umehamia Wang'uru tu. Bila wewe nitaita na nini?"

Kambini watu walinibeba juu. Haraka yangu imewaletea kazi mpaka Krismasi. Kingori atapata paa, na choo pia. Wote wana baraka, ila aliyeharakisha.

Jumapili, 4 Agosti

Phelister alikuja na habari mpya kwa mdomo wa dereva wa kwetu. Masika amefika kwa wajomba zake, amevishwa nyama ya ng'ombe shingoni kama desturi ya kwetu, amecheza mpaka mjomba akalia. Nyumba yangu imepakwa udongo mpya. Na Kefa amenunua koti la kusimamia.

Ana koti tayari.

Nimeuliza kila mtu nifanye nini. Theuri amesema usiache mbachao kwa msala upitao, halafu hakuweza kusema kazi ndiyo mbacha au mtoto. Mwikali amesema mumewe akiulizwa hivyo hujibu ni mambo ya upelelezi, yanaendelea. Alinifungia mahindi ya kuchemsha kwenye gazeti. "Ya njiani," akasema. Nikamwuliza njia ipi. Akaniambia mahindi hayachagui.

Jumatatu, 5 Agosti. Sagana

Naandika nimekaa nyuma ya lori, miguu inaning'inia. Tumeshuka kutoka Nyeri asubuhi, kikosi chote juu ya sururu na mabeleshi, tukiimba. Mlima ulitoka leo, safi kabisa, nikaupa mgongo.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Sisi tunageuka kwenda Wang'uru. Ile nyingine inanyooka mpaka Nairobi, na Nairobi kuna garimoshi la jioni la kwenda kwetu.

Dereva amesimama tunywe chai. Muriithi yuko kwenye benchi la hoteli, hatua chache tu, anachovya mandazi. Ameniita mara mbili nikanywe. Nimesema koo linauma.

Ng'ambo ya barabara kuna basi la Nairobi. Injini inanguruma. Utingo anapiga ubavu wa basi kwa kiganja – paa, paa. Sawasawa. Nusu mbili zinazolingana.

Nikienda, sirudi: hata Wang'uru vibarua wamejaa getini, mwitaji atapatikana kati yao kabla jua halijatua. Nisipoenda, Kefa ana koti.

Nimetafuta methali. Mimi, mwitaji, natafuta moja tu ya kunishika mkono. Zinakuja zote pamoja, zinapigania mlango.

Dawud ameshuka. Sikumwambia kitu. Amenyoosha mkono juu ya kichwa changu, amechukua sanduku langu, la mbao, lenye kamba. Anavuka nalo barabara. Kingori anamfuata na mahindi yangu. Hawageuki.

Utingo amelipokea sanduku. Liko juu ya paa la basi sasa, nalionea hapa.

Dawud amesimama kwenye ngazi ya basi, ameshika chuma, anatazama huku. Amepaza sauti ile ya mtaroni:

"Haraka haraka –"

Lori zima limeitikia. Na pale kwenye benchi, mdomo umejaa mandazi, kabla hajajua anachosema, Muriithi naye:

"Haina baraka."

Amesita. Ameshusha kikombe. Anatazama basi, anatazama lori, anaanza kuinuka.

Basi limeanza kusogea. Miguu yangu, iliyozoea mdundo ule, imekwisha kufika chini